Maji ya rejeta yamegeuka rangi ya chai: nioshe au ninunue nyingine?

*"Shikamoo fundi. Naishi Mwanga hapa Kigoma. Nina Noah ile ya zamani yenye injini ya 3S na gia otomatiki, nabeba abiria kwenda Kasulu na kurudi. Kwa miezi kadhaa sasa mshale wa joto unapanda nikianza vilima vya kwenda Kasulu, na nikirudi kwa mteremko unashuka. Mjini hausumbui. Nikifungua rejeta asubuhi nakuta maji yana rangi ya chai, na kwenye shingo kuna ukoko mweupe. Huwa naongeza maji ya bomba au ya ziwani, safi kabisa, na nayachuja kwa kitambaa. Fundi wa kwanza alitoa thamostati akasema injini itapoa. Nikapata nafuu kidogo, kisha hali ikarudi pale pale. Wa pili anataka tumimine asidi ya betri iunguze uchafu. Jirani anasema sabuni ya unga inatosha. Mwingine ananitisha kwamba rejeta ikioshwa lazima ivuje, bora niagize ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Nishike lipi?"*

Marahaba, kijana wangu. Umenirahisishia kazi kwa kusema gari linapata joto wapi na linapoa wapi, maana wengi huniambia tu "linachemsha" na tunaanza kupapasa gizani. Nikuambie kwanza la haraka. Usikubali asidi ya betri iingie kwenye injini yako, sabuni ya unga iache nyumbani, na thamostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta, irudishwe kabla hujapanda tena Kasulu. Rejeta yako, kwa dalili ulizotaja, ina nafasi nzuri ya kupona kwa kuoshwa. Ila ukiiosha halafu ukaendelea kuongeza maji ya ziwani, shida itarudi ile ile. Kwa hiyo naanza na maji, halafu ndiyo tuje kwenye rejeta.

Maji ya Ziwa Tanganyika yanadanganya macho. Siku ya utulivu unaona mawe chini kabisa, na ndiyo maana watu wa huku tunayaamini. Lakini uangavu huo unasema jambo moja tu, kwamba hayana tope. Madini yaliyoyeyuka hayaonekani kwa macho, na hakuna kitambaa kinachoyachuja. Ziwa letu lina madini yaliyoyeyuka mara sita hivi ya yale ya Ziwa Victoria, magnesiamu ikiwa nyingi miongoni mwake, na pH yake inakaribia 9, yaani limeelemea upande wa magadi. Kwa kuogea na kufulia hakuna neno. Kwa injini yenye aluminiamu ndani, ni maji mabaya. Na bomba la Kigoma mjini halikuokoi, kwa sababu maji yake yanatoka humo humo ziwani. Wenzetu wa Tabora mjini, tangu maji ya Ziwa Victoria yawafikie, wana nafuu upande wa chokaa, ingawa kutu haiwasamehi. Na anayepita njia ya Uvinza asijaribu kabisa maji ya visima vyenye chumvi: chumvi hutoboa aluminiamu vitundu vidogo vidogo ambavyo hakuna anayeviona mpaka rejeta ianze kutoa jasho.

Kinachotokea ndani ni hiki. Maji yakiwa baridi, madini yametulia ndani yake. Yakipata moto, sehemu ya madini hujitenga na kuwa chokaa ngumu inayoganda pale palipo na joto kali. Fungua birika la nyumbani kwenu utazame chini: ule ukoko mweupe ni ndugu wa huo uliouona kwenye shingo ya rejeta. Birika unaweza kulikwangua, lakini ndani ya injini chokaa inaganda mahali usipopaona, kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, karibu na vali za moshi, maana ndiko kwenye joto kuliko kote. Nayo hupitisha joto kwa shida sana ukilinganisha na chuma au aluminiamu. Utando mwembamba tu unatosha kuifanya hedi ibaki na joto lake huku maji yanapita pembeni bila kulibeba. Ndiyo sababu wakati mwingine mshale unakaa katikati kwa utulivu ilhali hedi inaungua.

Rangi ya chai ni habari nyingine. Hiyo ni kutu. Injini ya 3S ina bloku, yaani mwili wake mkuu, ya chuma cha kumimina na hedi ya aluminiamu, na maji matupu yasiyo na dawa ya kuzuia kutu yanaila bloku hiyo kila siku, hasa kama hewa inaingia kwa sababu maji yamepungua. Kutu inamomonyoka, inakuwa tope laini, inatembea na maji mpaka kwenye mirija ya rejeta ambayo upenyo wake wa ndani ni mwembamba kama milimita mbili hivi. Ikikutana humo na magamba ya chokaa yaliyobanduka, mrija unaziba. Ukiziba mmoja huoni tofauti. Ikiziba mingi, gari bado linakwenda vizuri mjini, kwa sababu kwenye tambarare na abiria wachache joto linalozalishwa ni dogo na mirija iliyobaki inalimudu. Ukitoka Kigoma, iliyo kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ukaanza kuitafuta Kasulu iliyo juu ya mita 1,200, gari limejaa watu na mizigo, gia iko chini, mwendo ni mdogo, injini inatoa joto jingi na rejeta haina tena upana wa kulitoa. Kwa dalili hiyo naelemea kuamini kwamba maji hayapiti vizuri. Kama lingekuwa linapata joto likiwa limesimama stendi na kupoa likishika mwendo, ningekuambia uanze na feni.

Lakini kabla ya kuosha ndani, chuchumaa mbele ya gari utazame nje ya rejeta kwa tochi. Barabara zetu zina vumbi, na wanaozunguka Urambo, Kaliua na Sikonge wanajua jinsi mbegu za nyasi na wadudu wanavyojaa kwenye vibati vile vyembamba vilivyokunjwa kati ya mirija. Uchafu mwingi hujificha katikati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo ukitazama kwa mbele unaona kila kitu ni safi. Osha ukitokea upande wa injini kuelekea nje, kwa mpira wa kawaida wa maji. Usiruhusu mashine ya presha ya kuoshea magari isogezwe karibu. Italaza vibati vyote na utakuwa umeziba njia ya hewa kwa mkono wako. Nimeona magari yakipona kwa hatua hii peke yake, na haigharimu kitu.

Sasa thamostati. Fundi aliyeitoa hakukutakia mabaya. Ni imani iliyoenea kwamba ile ni kizuizi tu cha nchi za baridi. Kwenye injini yako haiko hivyo. Thamostati ya 3S ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Injini ikiwa baridi, inafunga njia ya kwenda rejeta na kuacha wazi njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Injini ikipata moto, inafungua njia ya rejeta, na kisahani chake cha pili kinaifunga ile njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Kwenye mwendo mwepesi unaona nafuu, lakini kwenye kilima, unapohitaji kila tone lipite rejeta, ndipo inakusaliti. Hicho ndicho kilichokupata.

Nunua mpya yenye kipimo cha nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, ijaribu jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, washa moto, tazama. Ianze kufunguka muda mzuri kabla maji hayajatokota, na yanapokaribia kutokota iwe wazi kabisa. Isipofunguka, irudishe dukani. Ukiifunga, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu, ndipo hewa ipate pa kutokea.

Kuhusu asidi ya betri nitakuwa mkali kidogo. Ile ni asidi ya salfa. Haichagui kutu na chokaa ikaacha aluminiamu. Inakula hedi, inakula nyumba ya pampu ya maji, inakula rejeta yenyewe, na mvuke wake unaunguza macho na mapafu ya anayeimimina. Wapo pia wanaotumia kostiki ya kutengenezea sabuni, au magadi. Hayo kwa aluminiamu ni mabaya vile vile, maana huimumunya na kutoa gesi inayoshika moto. Fundi mwenye nia njema anaweza kukuambia walifanya hivyo zamani na ilifaa. Ni kweli, rejeta za zamani zilikuwa za shaba na zilivumilia mengi. Ya kwako, kama haijabadilishwa, ina moyo wa aluminiamu na matenki ya plastiki juu na chini.

Sabuni ya unga haina ubaya wa asidi, lakini haiyeyushi chokaa wala kutu. Kazi yake ni mafuta. Kinachobaki ni povu, na povu ni hewa, na hewa haibebi joto. Usipoisuuza ikaisha, utapanda kilima na rejeta iliyojaa mapovu.

Ndimu na malimao nayo husifiwa. Wazo lenyewe si baya, maana asidi iliyomo humo ndiyo tutakayoitumia, ila juisi ina sukari na nyuzi ambazo hutaki ziingie kwenye mirija ya milimita mbili. Tafuta asidi ya sitriki ya unga, ile wanayonunua watengeneza juisi, au dawa ya kuoshea rejeta ya dukani ambayo chupa yake imeandikwa kwamba inafaa kwa aluminiamu.

Kabla hujaosha chochote, fanya ukaguzi mdogo asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta. Ukikuta utando wa mafuta, au kitu kama uji wa maziwa, simama hapo hapo. Gari la otomatiki hupitisha mafuta ya gia ndani ya tenki la rejeta ili yapoe, na ukuta unaoyatenganisha na maji ukitoboka, vitu hivyo viwili vinachanganyika. Maji yakiingia kwenye gia, gia inakufa. Hiyo si kazi ya kuosha, ni kazi ya kuvuta gari hadi gereji. Kama hakuna mafuta, washa injini mfuniko ukiwa wazi utazame kwa dakika chache za mwanzo tu. Viputo vinavyotoka mfululizo bila kukoma, au maji kurushwa nje kabla injini haijapata moto, au mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe mara tu baada ya kuwasha, vinaashiria kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imeharibika. Hapo pia kuosha hakusaidii.

Lipo jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kulipita: kwa nini unaongeza maji mara kwa mara? Mfumo huu umefungwa. Ukiwa mzima, miezi inapita bila kuongeza hata kikombe. Kila unapoongeza, unaingiza madini mapya na hewa mpya, kwa hiyo uvujaji mdogo ndio unaolisha uchafu wote huu. Tafuta alama nyeupe au za kahawia kwenye viungio vya mipira, chini ya pampu ya maji, na kwenye mshono wa plastiki na aluminiamu. Na tazama mfuniko wenyewe. Watu wanaudharau kwa sababu ni mdogo, lakini ndio unaoshikilia presha. Hapa Kigoma maji matupu yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Chini ya mfuniko mzima ulioandikwa 0.9 yanavumilia mpaka zaidi ya 115. Mpira wake ukishapasuka, unapoteza nyuzi zote hizo na maji yanatoka kidogo kidogo kama mvuke bila wewe kuona tone barabarani. Badilisha mfuniko, na nambari ifanane na ya awali.

Tuje kwenye kuosha kwenyewe. Injini iwe baridi, na nasema baridi ya kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha. Mfuniko ukifunguliwa wakati wa moto, maji yaliyopita nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Watu wameungua hivyo, na wengine ni mafundi wazoefu.

Weka beseni chini, fungua koki ya chini ya rejeta, na kama bloku ina bolti yake ya kumwagia maji ifungue pia, kwani tope zito hukaa kwenye bloku. Toa chupa ya akiba uioshe pembeni. Mara nyingi chini yake kuna tope la kutosha kuchafua maji mapya siku ile ile. Thamostati iwe bado imetolewa kwa ajili ya kazi hii. Sogeza swichi ya hita kwenye moto. Najua hakuna anayewasha hita Kigoma, na ndiyo sababu ndani yake kuna maji ya miaka, na ukiisahau itakurudishia uchafu wake wiki inayofuata.

Jaza maji, washa injini, iache izunguke bila mzigo, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia hadi rangi ya chai ipungue. Kwa kutu laini pekee, hatua hii huweza kutosha. Wewe una ukoko mweupe, kwa hiyo endelea. Yeyusha unga wa sitriki kwenye maji ya uvuguvugu, mimi natumia gramu 30 kwa kila lita ya mfumo mzima, jaza, washa, acha injini ifike joto lake la kawaida na ikae hapo robo saa au zaidi kidogo, gari likiwa limesimama na wewe ukitazama mshale. Usiendeshe. Usilaze dawa usiku kucha ukidhani itaosha zaidi. Ikimaliza uchafu inaanza kuila injini. Zima, acha ipoe, mwaga. Yatakayotoka yatakushtua kwa weusi wake. Kama ukoko bado upo, rudia mara moja tu, kisha suuza na usuuze tena hadi maji yatoke kama yalivyoingia.

Hapa wengi wanakosea. Dawa imebandua magamba ndani ya injini, na maji yanayasukuma moja kwa moja kwenye mirija ya rejeta. Ukifunga kazi hapo, huenda umeziba zaidi ya mwanzo. Kwa hiyo fungua mpira wa juu na wa chini, na rejeta ioshwe peke yake kinyumenyume: maji yaingie chini yatokee juu, ili magamba yaliyokwama kwenye midomo ya mirija yarudi yalikotoka. Presha iwe ya bomba la nyumbani, na uweke kitambaa mdomoni bila kukaza. Rejeta iliundwa kuvumilia presha ya mfuniko wake na ziada ndogo tu. Kompresa ya gereji ikifunguliwa yote itapasua mshono. Injini nayo isuuzwe peke yake, maji yakitokea kwenye mpira ulio wazi.

Ukitaka kujua kama rejeta imefunguka, iliyo bora ni kuitoa. Izibe chini kwa kiganja, ijaze, kisha achia: maji yaanguke kwa kishindo. Yakitiririka kama chai inayomiminwa kikombeni, bado imeziba. Ipime pia kwa mkono, maana iliyojaa uchafu ina uzito usioelezeka kwa kitu cha aluminiamu. Kama hutaki kuitoa, rudisha kila kitu, washa mpaka ipate moto, zima kabisa na uondoe ufunguo, kisha pitisha kiganja karibu na uso wake. Pale palipopoa katikati ya joto ndipo mirija ilipokufa. Angalia feni ya umeme, inaweza kuwaka yenyewe hata injini imezimwa. Kwa gari lako, kutoa rejeta kunamaanisha kufungua mabomba mawili ya mafuta ya gia. Yazibwe yasiingie mchanga, na kiasi kilichomwagika kirudishwe. Kama hujawahi kufanya hivyo, hiyo sehemu mwachie fundi, wewe usimame pembeni.

Hofu ya kwamba rejeta ikioshwa itavuja ina ukweli ndani yake. Ila anayekutisha amegeuza sababu. Dawa nyepesi haitoboi rejeta isiyo na kasoro. Tundu lilikuwapo tayari, likiwa limezibwa na kutu, nawe umeondoa kizibo. Afadhali livuje Mwanga mbele ya macho yako kuliko kizibo kibanduke usiku katikati ya pori na abiria ndani. Na ikivuja, tafadhali usitie binzari, ute wa yai wala unga wa kuziba uvujaji. Vitu hivyo haviwezi kutofautisha tundu na mrija, na uchafu uliotoka kuosha leo utakuwa umeurudisha kwa jina jingine.

Kuhusu kununua: mirija ikiwa imekufa sehemu kubwa baada ya kuosha, au plastiki imeanza kupasuka, nunua. Usiendelee kuchoma pesa kwenye kuosha. Ila rejeta ya mtumba mimi naiogopa, kwa sababu hujui ilikunywa maji gani, na inaweza kuwa imeziba kuliko yako. Ukilazimika kuichukua, fanya lile jaribio la kuijaza maji na kuyaachia pale pale dukani kabla ya kulipa. Mpya ya aluminiamu, hata isiyo ya kiwanda cha gari, ukiwa na uwezo nayo ni salama zaidi. Rejeta za shaba za malori ya zamani hufumuliwa tenki na kupitishwa vyuma kwenye mirija kisha zikaunganishwa tena kwa risasi. Ya plastiki na aluminiamu imebanwa kwa meno, na akiifumua mtu asiye na uzoefu mara nyingi inavuja milele.

Sasa cha kujaza. Tumia kulanti halisi, ile dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Najua utasema Kigoma hakuna barafu. Kulanti huku hatuitumii kwa ajili ya barafu. Ina dawa ya kuzuia kutu, inapandisha kiwango cha kuchemka, na inalinda pampu ya maji. Ukipunguza chini ya theluthi moja, kinga inakuwa hafifu. Rangi si kipimo, maana kila kiwanda kinapaka yake. Soma chupa, na usichanganye aina mbili. Ile nyekundu ya Toyota hubadilishwa kila miaka miwili au kilomita 40,000, chochote kitakachotangulia. Ziko chupa za maji ya rangi yanayouzwa kama kulanti, kwa hiyo dondosha kidogo kwenye vidole: halisi inateleza na ni nzito kuliko maji.

Maji yaliyotoneshwa dukani huitwa maji ya betri. Ukienda kuyaomba, hakikisha umepewa maji na si asidi, kwani huuzwa rafu moja na chupa zinafanana. Maji ya kunywa ya chupa hayafai, yana madini pia. Kuchemsha maji ya ziwani kunapunguza sehemu tu. Ukikosa yaliyotoneshwa, maji ya mvua ndiyo mbadala mzuri, yaliyokingwa baada ya mvua za mwanzo kuosha bati na vumbi, yakachujwa na kuwekwa kwenye dumu safi. Hayana chokaa, lakini hayana kinga yoyote ya kutu, kwa hiyo kulanti lazima iwepo.

Kuna hesabu ndogo inayowaponyoka wengi. Baada ya kumwaga, ndani ya bloku na hita hubaki maji ya kusuuzia. Ukijaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu juu yake, umeshaupunguza nguvu. Suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, kisha mimina kwanza kulanti tupu kiasi cha nusu ya ujazo wote wa mfumo, ndipo umalizie kwa maji. Mfumo wa lita 8, lita 4 za kulanti zitangulie. Rudisha thamostati kabla ya kujaza. Jaza polepole, mfuniko wazi, hita kwenye moto, injini inanguruma kwa utulivu, na uminyeminye mpira wa juu hewa itoke. Thamostati ikifunguka kimo kitashuka ghafla, ongeza, funga. Kesho yake asubuhi tazama tena.

Kulanti ya zamani usiimwage mtaroni, mtaro huo unaishia ziwani. Ina utamu, na ni sumu inayoua figo. Mtoto, mbwa au mbuzi akiinywa kidogo tu ni hatari. Na usiihifadhi kamwe kwenye chupa ya soda.

Baada ya haya, panda Kasulu mara moja ukiwa na mzigo mwepesi kabla ya kupakia kama kawaida. Beba dumu la maji yako mazuri. Ukiishiwa njiani, maji yoyote ni bora kuliko kukauka, hata ya mto Malagarasi, ila ukifika nyumbani yamwage usiyaache humo. Mshale ukipanda kupita kawaida, zima kiyoyozi, egesha, zima injini, na usimimine maji baridi juu ya injini ya moto, hedi itapasuka.

Kama baada ya kuosha, thamostati mpya na mfuniko mpya bado linapanda, au maji yanapungua bila kuona yanakotoka, au moshi mweupe wenye harufu tamu unatoka nyuma hata injini ikiwa na moto, acha kubeba abiria na ulipeleke kwa fundi mwenye kipimo cha presha ya rejeta. Mwombe akiweke mbele yako: asukume presha mpaka kiwango cha mfuniko, asubiri, na wewe uangalie kama sindano inashuka. Ikibidi kufungua hedi, asifunge gasketi mpya kabla ya kuipima hedi kwa rula ya chuma. Hedi iliyochemka mara kadhaa huwa imepinda, na ikihitaji kusawazishwa kwenye mashine, kubali gharama hiyo.